Mchuzi wa Zabibu na Nyama ya Wazee

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Dar es Salaam unaipita Ihumwa, kisha unafika Mtumba. Tangu mwaka 2019 jina hilo limekuwa la wizara na lami, lakini kabla ya hapo lilikuwa la kijiji cha Wagogo, watu wa uwele, mtama na ng'ombe. Zabibu ni mgeni wa juzi tu katika nchi hii. Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioipanda Bihawana katika miaka ya 1950, na leo mkoa mzima unasifika kwa mchuzi wake, yaani ule mvinyo ghafi unaouzwa viwandani.

Mchuzi huo sasa umevishwa koti jeupe la daktari. Vijiweni utawasikia vijana wakisema: "Mpe babu glasi moja ya nyekundu kila jioni, misuli inarudi yenyewe!" Wengine wanaacha hata kumpikia babu kunde, eti dawa ipo chupani. Imani hii imetoka wapi?

Imetoka mbali. Mjapani Michio Takaoka ndiye aliyeipata resveratroli, karibu na mwaka 1940, tena katika mmea mwingine kabisa. Mwaka 1976 Waingereza Langcake na Pryce wakaikuta kwenye mzabibu, ambao huitengeneza unaposhambuliwa na ukungu. Ni silaha ya mti, si chakula cha binadamu. Halafu mwaka 1992 Renaud na de Lorgeril wakadai kuwa Wafaransa, pamoja na mafuta yote wanayokula, hawafi sana kwa moyo kwa sababu ya mvinyo. Basi, moto ukawaka. Mwaka 2006 maabara ya Johan Auwerx huko Ufaransa ikatangaza kwamba panya waliolishwa resveratroli walikimbia karibu maradufu. Mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ikainunua kampuni ya Sirtris, iliyokuwa ikiisaka dawa hiyo, kwa dola milioni 720. Miaka 5 baadaye ikaifunga.

Watu wa vijiweni hawaulizi kipimo. Panya wale walipewa miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Mvinyo mwekundu una miligramu chache tu katika lita nzima. Babu wa kilo 60 angekunywa mapipa, na angelala kaburini kabla misuli haijapata habari.

Kilichoniuma zaidi ni jaribio la Copenhagen la mwaka 2013. Wanaume 27 wa miaka kama 65 walifanyishwa mazoezi kwa wiki 8, baadhi wakimeza miligramu 250 za resveratroli kila siku, wengine kidonge bandia. Misuli haikuwa shabaha kuu, bali moyo na pumzi. Wote waliongeza pumzi, lakini wa kidonge bandia waliongeza zaidi, na shinikizo la damu likashuka kwao tu. Dawa ilikuwa imeyapunguza manufaa ya jasho lao wenyewe!

Ugonjwa wenyewe ulipewa jina na Irwin Rosenberg mwaka 1989: sakopenia, kwa Kigiriki ni umaskini wa nyama. Ugogo hawakumsubiri Mgiriki. Katika njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza yalikuwa yamebeba ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua nayo ikagoma, watu wakabaki mifupa. Njaa na uzee si kitu kimoja, lakini hukutana kwenye sahani. Wataalamu wanamtaka mzee apate gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake, zaidi ya kijana. Ugali na mlenda mtupu haufiki huko kirahisi. Maziwa, kunde na karanga vinafika, navyo havina tangazo.

Na jasho? Mwaka 1990, miaka 2 kabla ya mvinyo wa Wafaransa kusifiwa, Maria Fiatarone wa Boston aliwachukua wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, wa miaka 86 hadi 96, akawanyanyulisha vyuma kwa miguu wiki 8. Mmoja aliacha njiani. Waliobaki nguvu za miguu ziliongezeka zaidi ya maradufu, na wawili wakaweka fimbo zao chini.