Wanavyuoni Wetu na Mafungu ya Ilimu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, mtu akiingia maktaba huona vitabu vimepangwa, hiki hapa na kile kule, akadhani ni kazi ya mikono tu ya mtunza maktaba. Sivyo. Kabla ya kitabu kuwekwa mahali pake, sharti mtu awe amekwisha kujibu masuala mazito: Ilimu ni nini? Ipi shina na ipi tawi? Ipi itangulie na ipi ifuate? Wanavyuoni wa Kiislamu waliyashughulikia masuala haya zaidi ya miaka elfu iliyopita. Majibu yao yanatuhusu hata leo, kwani nasi majumbani mwetu tumezoea kuigawa ilimu mafungu mawili, "ya dini" na "ya dunia", na watoto wetu tukawagawa vivyo hivyo.

Tuanze na Abu Nasr al-Farabi, aliyefariki Damascus mwaka 339 Hijria (950). Aliandika kitabu kidogo kiitwacho Ihsaa al-Ulum, yaani kuzihesabu ilimu. Kina milango mitano: lugha, mantiki, hisabu na jamaa zake, kama jiometri na ilimu ya nyota, ilimu ya maumbile pamoja na ilimu ya mambo ya Mungu, na mwisho ilimu ya siasa, fiqhi na ilimu ya kalamu. Lugha ilitangulia, na mantiki ikafuata, kwa kuwa hiyo ndiyo mizani ya kupimia hoja iliyonyoka na iliyopinda.

Kisha, mwaka 377 Hijria (987), Ibn al-Nadim wa Baghdad, aliyekuwa mnakili na muuza vitabu, alitunga kitabu chake al-Fihrist. Alikusudia kuorodhesha vitabu vyote vilivyopatikana kwa Kiarabu, vya Waarabu na wasio Waarabu, akavipanga sehemu kumi. Alianza na lugha na hati za mataifa, akaja kwenye vitabu vya Mayahudi na Wakristo, kisha Qur'ani Tukufu na ilimu zake. Zikafuata nahau, historia, mashairi, kalamu, fiqhi na hadithi. Baada ya hizo akaweka falsafa, hisabu na tiba. Kisha hekaya na uchawi. Kisha habari za dini za mbali, hata za Bara Hindi na Uchina. Na mwisho ilimu ya kutaka kugeuza madini kuwa dhahabu. Aliandika hata yale ambayo Muislamu hayaamini, kwani kukitaja kitabu si kukifuata. Vingi katika vitabu alivyovitaja vimekwisha kupotea, na majina yake twayajua kwa sababu yake tu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliuliza suala jingine: Ilimu hii ina hukumu gani juu ya mja? Katika Kitabu cha Ilimu, kilicho mwanzo wa Ihyaa, alieleza kuwa iko ilimu iliyo faradhi ya ain, inayomlazimu kila mmoja: itikadi yake, ibada yake, na hukumu za hali anayokabiliana nayo, kama zaka kwa mwenye mali. Na iko faradhi ya kifaya, ambayo wakiisimamia baadhi ya watu wengine husalimika, na ikiachwa mji wote hupata dhambi. Humo akaingiza tiba, kwa kuhifadhi miili, na hisabu, kwa biashara, wasia na mirathi. Akaingiza hata ukulima, ufumaji na ushoni. Kisha akawakemea watu wa zama zake: miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu, hata wagonjwa wakawategemea watu wa dhimma, na huku wanafunzi wakisongamana katika fiqhi, hasa mijadala ya khitilafu, kwa kutaka vyeo na ukadhi.

Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 779 Hijria (1377), aligawa ilimu mbili: za kunukuliwa, zinazotegemea wahyi na upokezi, na za akili. Hizi za akili, alisema, ni tabia ya mwanadamu kwa kuwa ana fikra, wala si milki ya mila moja. Basi wale kwetu waliozoea kuiita hisabu au tiba "ilimu ya kizungu" hawana hoja kwa Ibn Khaldun.

Zama zetu maktaba nyingi duniani hufuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mwaka 1876. Aligawa ilimu mafungu kumi kwa nambari. Dini ni 200. Humo Biblia na Ukristo vimepewa nambari za kuanzia 220 hadi 280 na zaidi, na dini nyingine zikabanwa katika 290. Uislamu una 297. Dewey alipanga kwa jicho la watu wake na vitabu vyao. Kila mpango huonyesha aliyeupanga anathamini nini.

Je, sisi tumepangaje? Mtoto mmoja twampeleka chuoni na kumwambia skuli haina baraka. Mwingine twampeleka skuli, na alasiri ya chuo ikaliwa na masomo ya ziada. Wanavyuoni wetu waligawa ilimu ili kila moja ipewe haki yake, na zote wakaziweka katika nyumba moja. Mji usio na mkunga wala tabibu wake wenyewe una deni la kifaya shingoni. Na tabibu asiyejua kutawadha ana deni la ain, ambalo hakuna wa kumlipia. Mzazi na ajiulize usiku huu: kila mwanangu, wa kiume na wa kike, amekwisha pata lake la ain? Na la kifaya, nyumba yetu imetoa nani?

Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake (s.a.w.) aombe kuzidishiwa ilimu, katika Sura Taha, aya ya 114. Nasi tumuombe atuzidishie iliyo na manufaa. Amin.