Ngwala ya Padri Ruy López

Katika mchezo wa sataranji, ambao wasomao Kifaransa huuita échecs, askari wa miguu ndiye mdogo kuliko wote. Kila upande una wanane, nao huenda mbele tu, hawarudi. Je, si ajabu mtu kumtoa askari amlindaye mfalme wake na kumweka mbele ya adui aliwe bure?

Ndivyo ianzavyo gambiti ya mfalme. Neno gambiti liliingizwa katika sataranji na padri Mhispania, Ruy López wa Zafra, aliyetoa kitabu chake mwaka 1561. Asili yake ni Kiitalia, gambetto, ile hila ya mieleka tuiitayo ngwala. Padri alichagua vema: apigwaye ngwala huanguka kwa mbio zake mwenyewe. Wachezao dama wajue kwamba huku kula si sharti. Aliyewekewa askari yu huru kumwacha.

Mwaka 1960, mjini Mar del Plata katika Argentina, Boris Spassky, Mrusi wa miaka 23, alimtegea hivyo Bobby Fischer, Mmarekani wa miaka 17. Kijana akala. Hata mwendo wa 16 alikuwa amekwisha kula askari wanne, huku mfalme wa Spassky amebaki karibu uchi. Watu husema ulafi ndio uliomwangusha. Sisi hatukubali: waliouchunguza mchezo ule waliona kwamba hapo Fischer alikuwa na hali njema. Lakini njia za katikati zilikuwa wazi, na malkia na minara ya Spassky ikapita humo. Fischer akakosea mara chache tu, kete yake iitwayo fou ikakosa pa kukimbilia, na katika mwendo wa 29 akakubali kushindwa. Hata hivyo wawili hao walimaliza mashindano sawasawa, alama 13 na nusu kwa michezo 15.

Mwaka 1961 Fischer aliandika makala katika gazeti la sataranji la Marekani, akitangaza kwamba gambiti hiyo haifai kitu. Wengi walisadiki. Kumbe katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya 1963 na 1964, aliposhinda michezo yake yote 11, ni yeye aliyemsogeza askari yule yule mbele ya Larry Evans. Evans akala.