Jino la Usiku

Nimepata kukesha na karafuu shavuni, jino likipwita, nikingoja kuche. Daktari alikuwepo, niliogopa koleo. Eben Frost wa Boston, Marekani, naye aliliogopa, ila hakungoja. Jioni ya Septemba 30, 1846 alibisha hodi kwa William Morton, daktari wa meno, akiomba alazwe kwa mazingaombwe. Morton akamnusisha leso yenye etha. Frost alipozinduka, jino limekwisha toka! Oktoba 16, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Morton alimlaza mgonjwa mwingine, akapasuliwa uvimbe wa shingoni, na baadaye akasema hakusikia maumivu. Leo ganzi ipo, nasi bado twangoja. Shavu likivimba hata kumeza kukawa taabu, hiyo ni safari ya hospitali usiku uleule.