Eimu kama Mwalimu: Mwanafunzi Aliyesahauliwa katika Ngano za Ukambani

Neno la Kikamba aimu (umoja eimu) hubeba maana mbili ambazo wageni walipata taabu kuzipatanisha. Katika dini, aimu ni roho za wafu: hutolewa sadaka kwenye mathembo, na ndio humjia mtu ndotoni na kumwita awe mũndũ mũe, yaani mganga na mpiga ramli. Katika ngano, eimu ni zimwi linalomeza watu. Kutoka vilima vya Kalama, jirani na mji wa Machakos, hadi Kitui, neno ni lile lile.

Waliolitenga ni wanazuoni. Gerhard Lindblom, Msweden aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliwaweka aimu wa dini katika tasnifu yake ya Uppsala ya mwaka 1916, pamoja na mũndũ mũe na kitĩtĩ, kibuyu chake cha ramli. Ngano za aimu zilingoja hadi mwaka 1935, zikatoka katika juzuu lao. Hata John Mbiti, mzaliwa wa lugha hiyo, alitoa mkusanyo wake wa ngano mwaka 1966 na kitabu chake kikuu cha dini za Kiafrika mwaka 1969. Aliyesoma kimoja hakulazimika kukifungua cha pili. Uainishaji huu una manufaa yake kwa mkutubi. Kwa mhakiki umekuwa hasara, maana kati ya rafu hizo mbili amepotea kijana anayefunzwa na asiye binadamu.

Chukua kundi mojawapo la ngano hizi. Eimu amemeza watu na mifugo ya nchi nzima. Amesalia mwanamke mmoja, naye anajifungua mtoto wa kiume. Mtoto anakua bila rika, bila ukoo, bila mtu wa kucheza naye, na swali lake kwa mama ni moja: wenzetu wako wapi? Hatimaye anachukua upinde na kumshinda eimu. Wahakiki aghalabu huishia hapo, wakashangilia ushindi wa wema. Lakini eimu anayekata roho anasema neno: nikate kidole kidogo. Kijana anakikata, na watu na ng'ombe wanatoka humo. Maarifa ya kuirudisha jamii hayakutoka kwa mama wala kwa mzee yeyote, kwani wazee wote wamo tumboni. Ameyatoa adui, na kijana ameyatii.

Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu hali hii kwa jina jingine. Katika kisa cha Hasibu Karimu Dini, ambacho Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870, yatima aliyeshindwa kila kazi anatelekezwa na wenzake katika shimo la asali, akafika kwa Sultani wa Nyoka. Hasibu anarudi kwao na, kwa kulazimishwa, anamsaliti mwenyeji wake. Nyoka anayekwenda kuchinjwa bado anamfundisha: mchuzi wa kwanza asiunywe, wa pili aunywe apate hekima, wa tatu ampe mfalme mgonjwa. Asili ya kisa ni Alfu Lela Ulela, na hapadaiwi hapa kwamba misafara ya pembe ya Wakamba ilikibeba kutoka Mombasa. Kinachofanana ni somo linalotolewa wakati wa kufa, kwa mwanafunzi ambaye mkono wake una damu ya mwalimu.

Nyoka wa pwani alibahatika kuitwa sultani, na hakuna aliyemwita zimwi. Eimu hakupata bahati hiyo. Tangu misheni ya Nzaui ya mwaka 1895, na hasa baada ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, kukiri kuwa umefunzwa na aimu kulikuwa ni kujitafutia shauri. Ngano haikushtakiwa. Iliendelea kusimuliwa jioni, kidole kikikatwa na ng'ombe wakitoka, mbele ya watoto ambao asubuhi yake walifundishwa shuleni kwamba aimu ni mashetani.