Viashiria vya mchochota katika damu na ubashiri wa ugonjwa wa mishipa ya moyo

Viashiria vya mchochota ni protini, seli na kemikali za damu ambazo kiwango chake hupanda kinga ya mwili inapoamka kupambana na vijidudu, jeraha, au mafuta yaliyojikusanya ndani ya ukuta wa mshipa. Kinachojulikana zaidi katika tiba ya moyo ni protini iitwayo kwa kifupi CRP. Makala haya yanaeleza jinsi protini hiyo, iliyoanza kama kipimo cha nimonia, ilivyokuja kutumika kubashiri mshtuko wa moyo. Yanashikilia kwamba CRP ni shahidi wa kuaminika wa hatari, ingawa si mtenda kosa. Wanaochanganya ushahidi na utendaji huishia ama kuitarajia makuu mno, ama kuitupa bila haki.

Chanzo na utendaji

CRP iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Walipochunguza damu ya wagonjwa wa nimonia waliona kuna kitu ndani yake kinachonatana na sukari ya bakteria wa ugonjwa huo, sukari waliyoipa herufi C, na herufi hiyo ikabaki katika jina. Kitu hicho kilitoweka mgonjwa alipopata nafuu. Leo inafahamika kwamba ini ndilo huitengeneza, kwa amri ya kemikali ya kinga iitwayo interleukini-6. Maambukizi makali yanaweza kuipandisha mamia ya mara ndani ya siku chache. Nusu yake huondoka katika damu kwa takriban saa 19, na muda huo haubadiliki awe mtu mzima au mgonjwa. Kwa hiyo kiwango kinachosomwa maabara hueleza jambo moja tu: ini limeamriwa kutengeneza kiasi gani. Ni sifa adimu kwa kipimo cha damu, na ndiyo iliyoifanya CRP ipendwe na watafiti.

Kwa muda mrefu mishipa ya moyo ilidhaniwa kuziba kama bomba la maji linavyoziba kwa kutu, ingawa Rudolf Virchow wa Ujerumani alikwisha kuona dalili za mchochota ndani ya mishipa hiyo katika karne ya 19. Mwaka 1999 Russell Ross, mtafiti wa Marekani, alikusanya ushahidi wa miaka mingi na kuuita ugonjwa huu kwa jina lake halisi: ugonjwa wa mchochota. Lehemu ikipenya ukutani, seli nyeupe huifuata na kuimeza, zikafura na kutoa vimeng'enya vinavyokula kifuniko cha utando wa mafuta. Kifuniko kikipasuka, damu huganda juu yake na moyo hukosa damu. Ndiyo sababu utando mdogo, usioziba hata nusu ya mshipa, unaweza kuua, ilhali mkubwa uliotulia huishi na mtu kwa miaka. Ukubwa wa utando huonekana kwa picha. Moto ulio ndani yake hutafutwa katika damu.

Ushahidi wa ubashiri

Mwaka 1994 madaktari wa Roma, akiwemo Giovanna Liuzzo, walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliolazwa kwa maumivu ya kifua yasiyotulia, wenye CRP ya miligramu 3 au zaidi kwa lita walipata matatizo zaidi wakiwa wodini. Hao walikuwa tayari wagonjwa. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1997, Paul Ridker na wenzake wa Boston walipopima damu iliyohifadhiwa ya madaktari wanaume wa Marekani, iliyochukuliwa wangali wazima. Robo ya watu wenye CRP ya juu kabisa walipata mshtuko wa moyo karibu mara 3 zaidi ya robo ya chini, na kiharusi karibu mara 2. Katika robo hiyo ya juu, aspirini ilipunguza mshtuko wa moyo kwa takriban asilimia 56, na katika robo ya chini kwa asilimia 14 tu. Takwimu hizi mbili zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba kipimo kilitaja nani yumo hatarini na pia nani angefaidika na dawa. Mwaka 2003 taasisi za Marekani ziliweka madaraja yanayotumika hadi leo: chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ndogo, 1 hadi 3, ya wastani, zaidi ya 3, kubwa.

Utafiti wa JUPITER, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza swali gumu zaidi. Watu 17,802 wenye lehemu mbaya isiyozidi kiwango cha kutisha, lakini wenye CRP ya 2 au zaidi, walipewa rosuvastatini, mojawapo ya dawa za statini zinazoshusha lehemu, au kidonge kitupu. Ulisimamishwa mapema, baada ya wastani wa miaka 1.9, kwa kuwa waliopewa dawa walikuwa na matukio makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 44. Mwaka 2023 uchambuzi wa wagonjwa 31,245 waliokuwa tayari wakitumia statini ulionyesha kwamba robo yenye CRP ya juu walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa takriban mara 2.7 zaidi ya robo ya chini. Tofauti iliyotokana na lehemu ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Mwaka uliofuata, wanawake 27,939 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 30 walionyesha kwamba kipimo kimoja tu cha mwanzo cha CRP kilibashiri matukio ya moyo kwa miongo mitatu.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba CRP hupandishwa na kila kitu: mafua, jino bovu, unene, sigara. Ni kweli, na Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa malaria, kifua kikuu na VVU huipandisha pia, na madaraja ya 2003 hayakuwekwa kwa kuzingatia mazingira hayo. Jibu lake ni utaratibu. Mtu hupimwa akiwa hana ugonjwa wa ghafla, kipimo hurudiwa baada ya wiki mbili au zaidi, na matokeo yanayozidi 10 hutafutiwa kwanza maambukizi kabla ya kuhusishwa na moyo. Isitoshe, mchochota wa muda mrefu unaotokana na ugonjwa mwingine si kelele tupu ya kupuuzwa. Watu wenye VVU wana hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo, na utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliowahusisha watu 7,769 wenye VVU, wakiwemo wa Uganda, ulionyesha kwamba pitavastatini hupunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35.

La pili ni la watakwimu: ukishajua umri, shinikizo la damu, sigara, kisukari na lehemu, CRP huongeza nini? Uchambuzi wa mwaka 2012 wa watu 246,669 ulijibu kwamba huongeza kidogo. Kwa kila watu 400 hadi 500 wenye hatari ya wastani watakaopimwa, tukio moja zaidi lingezuiwa katika miaka 10. Takwimu hiyo isifichwe. Lakini haisemi kwamba kipimo ni bure. Inasema kipimwe nani. Kwa kijana mzima hakihitajiki, na kwa aliyekwisha kuamua kunywa statini hakibadilishi uamuzi huo. Kwa aliye katikati, daktari asipojua aanze dawa au asianze, ndipo kinapostahili gharama yake.

La tatu ni zito kuliko yote: CRP haisababishi ugonjwa. Tafiti za kijenetiki, ule wa Copenhagen wa mwaka 2008 na wa kimataifa wa 2011 uliohusisha watu zaidi ya 194,000, zilionyesha kwamba waliozaliwa na jeni za kuwapa CRP ya juu hawakupata ugonjwa wa moyo zaidi ya wengine. Baadhi waliona hapo hoja imekwisha. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mtu haachi kutazama wingu kwa kuwa si lenyewe linaloezua paa. Mwaka 2012 jeni zinazodhoofisha njia ya interleukini-6, iliyo juu ya CRP, zilionekana kupunguza ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kisha mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, wenye watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ulitumia kanakinumabu, dawa inayozuia interleukini-1, kemikali nyingine ya kinga, bila kugusa lehemu, na matukio yakapungua kwa asilimia 15. Hata hivyo vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo haikupungua. Methotrekseti, dawa nyingine ya kutuliza mchochota, katika utafiti wa CIRT haikushusha CRP wala haikuzuia matukio. Matokeo hayo mawili, moja la kufaulu na moja la kushindwa, yanaelekea upande mmoja: matukio hupungua pale mchochota wenyewe unapozimwa.

Viashiria vingine

Fibrinojeni, amiloidi A na interleukini-6 yenyewe hubashiri pia, lakini hupimwa zaidi katika utafiti. Uwiano wa seli nyeupe aina ya nutrofili kwa limfositi hupatikana katika kipimo cha kawaida cha damu bila gharama ya ziada. Kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu, iliyoelezwa na Fåhraeus mwaka 1918, ni ya polepole mno kwa kazi hii.

Hali ya sasa

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 unaitaja CRP ya 2 au zaidi kama sababu ya kuongeza tahadhari. Kolchisini, dawa ya kale ya jongo, ilipunguza matukio katika tafiti za COLCOT (2019) na LoDoCo2 (2020), ikaidhinishwa Marekani Juni 2023, ingawa utafiti wa CLEAR SYNERGY wa mwaka 2024 haukuona faida baada ya mshtuko wa moyo. Hukumu inayosimama ni hii: CRP ipimwe kwa mwenye hatari ya wastani, akiwa mzima, mara mbili, na pale tu ambapo jibu litabadilisha matibabu. Kuacha sigara, kupunguza uzito na statini, vyote vinavyoshusha CRP, havihitaji kusubiri kipimo hicho.