Mkilua na Jina Lake

Mshairi wa Pwani atajapo kilua, aghalabu hakusudii mti. Amkusudia mtu, ambaye kwa haya au kwa hofu ya watu hawezi kumtaja kwa jina lake. Kwa sababu hiyo ua hili limedumu katika tungo na katika taarab, ilhali wengi wanaolisifu hawajapata kuuona mti unaolizaa. Nao haujitangazi. Ni mti mdogo, mara nyingine kichaka tu, wenye majani mabichi mwaka mzima, na kwao ni chini ya kivuli cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Anayepita humo pasipo msimu wa maua hana sababu ya kusimama.

Aliyeutoa msituni akauleta uani ni nani? Historia zetu zimewaandika masultani, mabalozi na wenye majahazi. Aliyeotesha mti kando ya kisima hakuandikwa. Lakini kazi yake yajulikana kwa matumizi yake. Kilua ni ua la wanawake. Huingia katika kikuba pamoja na asumini, mrehani na mkadi, kikavaliwa siku ya harusi au jioni ya kumngoja mtu. Petali zake ni sita, tatu nje na tatu ndani, nene kama ngozi, na harufu yake haina upole wa asumini, hulijaza chumba. Naamini mikono iliyosuka vikuba ndiyo hiyo hiyo iliyoutunza mti, mama akimwachia binti yake pamoja na makanda na kanga.

Na utunzaji wake wataka subira. Mti huu umezoea msitu, basi anayeupanda nyumbani sharti auigizie msitu: kivuli cha mwembe au cha ukuta, udongo mweusi wenye majani yaliyooza, maji wakati wa kiangazi, na jua la adhuhuri lisiuchome mche. Mbegu ni bora ipandwe ingali mbichi. Anayetaka ua la haraka na apande asumini.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mti uliokuwa ukichumwa maua vizazi na vizazi, elimu ya mimea iliupa jenasi yake yenyewe mwaka 1970 tu. Aliyefanya hivyo ni Bernard Verdcourt, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya kazi katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, Nairobi, kabla ya kuhamia bustani ya Kew mwaka 1964. Wataalamu wa namna yake kwa kawaida huunda jina kwa Kiyunani au Kilatini, au humtunukia rafiki au gavana. Yeye aliandika Mkilua fragrans: neno la pili ni Kilatini, "wenye kunukia", la kwanza ni letu, halikuguswa hata herufi. Na jenasi hiyo ina spishi moja pekee. Mwanafunzi wa mimea wa Tokyo au wa São Paulo autajapo mti huu, atamka Kiswahili, apende asipende. Sijui heshima nyingine ya namna hii waliyopewa wanawake wa uani, ijapokuwa majina yao wenyewe hayamo.

Mkilua una jamaa hapa visiwani. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, walioletwa na merikebu kutoka Amerika, na mlangilangi uliotoka Asia. Hao ni wageni waliozoea. Mkilua ndio mwenyeji. Lakini uchunguzi wa vinasaba, uliokusanywa katika mpangilio mpya wa ukoo huo mwaka 2012, umeonesha kuwa ndugu zake wa karibu hawako Afrika kabisa. Kabila lake zima limo katika misitu ya Amerika ya joto, na mkilua peke yake ndio uliobaki upande huu wa bahari. Mmoja wa ndugu hao ni Cymbopetalum penduliflorum. Waazteki wa Mexico walizikausha petali zake, wakazitia katika kinywaji chao cha kakao kiwe na harufu, nao waliliita ua hilo xochinacaztli, "ua-sikio". Watu wawili wasiojuana, katika pwani mbili zisizosikilizana, walilinusa ua la mti wa kabila moja wakaona halifai kuachwa msituni. Mmoja alilinywa, mwengine akalivaa. Mimi, kwa upendeleo wa kwetu, naona aliyelivaa alikuwa na akili zaidi.

Nyumbani kwetu mkilua ulikuwa nyuma ya jiko. Ulikatwa tulipoongeza vyumba viwili, na sikumsikia mtu akiuulizia, nami nikiwa mmoja wao, hata ilipofika harusi ya mdogo wangu na shangazi akatoka uani na kisahani kitupu. Alikiweka mezani asiseme neno. Jirani mmoja alinipa mche baadaye. Uko katika kopo la maziwa chini ya mwembe, una majani saba, na shangazi akija humwagilia kabla ya kuingia ndani kutusalimu.