Oak Hill: Jumba Lililobaki Annandale

Annandale, mji wa Wilaya ya Fairfax katika jimbo la Virginia, kusini-magharibi mwa Washington, hauna ngome ya mawe. Una Oak Hill, jumba la ghorofa mbili lililojengwa karibu mwaka 1790 kando ya barabara ya Wakefield Chapel. Ni mali ya mtu binafsi, na milango hufunguliwa kwa umma siku chache tu kwa mwaka. Mgeni kutoka Afrika Mashariki akiipata nafasi hiyo asiiache, kwa kuwa historia ya mahali hapa inamgusa.

Mwaka 1685 William Fitzhugh, mwanasheria na mkulima wa tumbaku aliyezaliwa Uingereza, alinunua hapa ekari 21,996. Shamba likaitwa Ravensworth, jina la ngome ya kale ya mabwana wa ukoo wa FitzHugh huko Yorkshire. Pamoja na jina ulikuja utaratibu wa kibwanyenye: ardhi kubwa, bwana mmoja, na umati wa kumtumikia. Umati huo ulikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, na vizazi vyao. Karne moja baadaye ukoo wa Fitzhugh ukawa na majumba matatu hapa: Ravensworth, Ossian Hall na Oak Hill.

Bwana wa Ravensworth aliyefariki mwaka 1830, William Henry Fitzhugh, aliacha wosia kwamba watumwa wake wote wawe huru baada ya mwaka 1850. Atakayehamia koloni la Wamarekani katika pwani ya Afrika, ndiyo Liberia ya leo, alipiwe safari na apewe dola 50 akifika. Ulikuwa ukarimu kwa zama zile, lakini tuupime kwa umri wa binadamu. Mwanamke aliyekuwa na miaka 30 siku bwana alipofariki aliendelea kutumika hadi atimize 50. Na zile dola 50 hakuzipata aliyechagua kubaki kwenye ardhi aliyoilima maisha yake yote.

Unguja tunaujua uhuru wa namna hiyo. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, huku fidia akilipwa bwana. Masuria wakangojeshwa hadi 1909.

Jumba la Ravensworth liliungua mwaka 1926. Ossian Hall lilichomwa moto mwaka 1959 katika mazoezi ya wazimamoto. Jina lake limebaki kwenye bustani ya umma. Ndiyo maana Oak Hill lina thamani kubwa: ni shahidi wa mwisho kati ya watatu.

Lakini shahidi husema akiulizwa. Orodha za mirathi za Virginia ziliwaandika watumwa kwa majina na bei, sambamba na ng'ombe na samani. Majina hayo yasomwe kwa sauti ndani ya Oak Hill kila linapofunguliwa, kabla ya jina la Fitzhugh yeyote. Waliolilisha, kulifagia na kulitajirisha jumba hili ndio wenye haki ya kwanza ya kutajwa humo.